Mahonia

Asiyejua majira ya mti hawezi kuwa hakimu mwema wa mti huo. Neno hili nalijifunza kwa kuchelewa, katika ua mdogo nyuma ya nyumba yetu London, mahali pasipopata jua ila kidogo.

Marehemu mke wangu alipanda hapo mti mfupi wa mahonia. Thomas Nuttall aliutungia jina hilo mwaka 1818 kumheshimu Bernard McMahon, mtunza bustani wa Philadelphia. Majani yake hudumu mwaka mzima. Ni magumu, yana miiba pembeni kama majani ya holi ambayo Waingereza hupambia nyumba zao wakati wa Krismasi. Hustahimili kivuli na baridi, wala haudai matunzo mengi.

Miiba ile ilinichukiza. Kila Oktoba nalishika mkasi nikapunguza ncha zote, mti ukawa mviringo kama chungu. Kisha nalimwambia mke wangu, “Mama Salma, mti wako tasa, una silaha bila ya hazina.” Naye alinijibu, “Bwana, uache mwaka mmoja tu, uone.” Sikuuacha. Kwa muda wa miaka minne nalimnyima mwaka mmoja.

Alifariki mwezi wa Agosti. Oktoba ile sikuwa na moyo wa kushika mkasi. Asubuhi moja ya Desemba nalifungua mlango wa jikoni, nikalakiwa na harufu tamu. Katika ncha za matawi palikuwa na vishada virefu vya maua ya manjano, na nyuki mmoja mnene, mwenye manyoya, akichuma peke yake katika baridi.

Ndipo nikafahamu. Mahonia ya namna hii huchanua wakati wa baridi, nchani mwa matawi. Kuikata Oktoba ni kuyakata maua kabla hayajazaliwa. Hupogolewa baada ya kuchanua, baridi inapokwisha. Utasa haukuwa wa mti. Ulikuwa wa mkasi wangu.

Sasa naupogoa mwezi wa Machi. Miiba hunichoma mikono, wala sinung’uniki. Kishada cha kwanza cha kila Desemba hukiweka dirishani, pale alipozoea kusimama. Mwaka ule mmoja aliouomba, mti umeupata, mwombaji hakuuona.