Mzunguko wa siku 45 na vijiti vya kupimia yai



Leo tunazungumza la chumbani, na kujifunza hakuna aibu. Tulipooana hedhi ilikuwa ikija baada ya siku 38, mara nyengine 45. Kila harusi tukiulizwa, "Vipi, bado?" Tukanunua vijiti vya kupimia yai, pakiti ya saba. Karatasi yake ikasema tuanze siku ya 11. Siku ya 17 vimekwisha, mstari hafifu tu. Miezi mitatu hivyo hivyo. Usiku mmoja tukakaa kitandani tukalia sote wawili, tukajihisabu hatuna kizazi.

Kumbe kosa lilikuwa la hesabu. Karatasi ile iliandikiwa mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si baada ya iliyopita. Kwa mwenye siku 45, huenda likatoka siku ya 31. Sisi tulikuwa tushamaliza vijiti zamani!

Sasa tunafanya hivi. Tunaandika tarehe za hedhi kila mwezi. Tunachukua mzunguko mfupi kuliko yote, tunatoa 17: 38 toa 17 ni 21. Siku ya 21 ndiyo tunaanza, kila siku saa ile ile ya alasiri, bila ya kunywa maji mengi kabla. Tunanunua vijiti vya rejareja, vingi, kwani ni rahisi. Mstari wa kipimo ukikoza sawa na mwenziwe au zaidi, yai linatarajiwa ndani ya siku moja na nusu. Lakini msingoje mstari ndio mkutane. Mbegu za mume huweza kuishi mpaka siku 5, yai halimalizi zaidi ya siku moja.

Bibi harusi, jua na hili: kijiti kinapima homoni ya LH, hakilioni yai lenyewe. Wenye PCOS huweza kuona mstari umekoza siku nyingi na yai lisitoke. Hedhi ikizidi siku 35 kila mara, nenda kwa daktari mapema, usingoje mwaka. Na mume apimwe pia, mzigo si wa mke peke yake.

Sisi bado hatujajaaliwa. Ila tumeacha kulia siku ya 17. Nabii Zakariya aliomba mpaka uzeeni, akapewa Yahya. Tuombeeni, nasi tunakuombeeni.