Mvua na Mvau

Nimemaliza kidato cha nne na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Ndoto ikisubiri, nachapa kazi za watu katika duka la steshenari hapa Dar es Salaam.

Juzi mwanafunzi wa chuo aliniletea programu ya Fortran ya kukadiria mvua, kurasa kumi na mbili zilizoliwa na mende, nimwingizie kwenye kompyuta. Malipo yake yangekamilisha kodi ya chumba changu. Nikachapa usiku kucha. Asubuhi kompaila ikanigomea. Eti kwenye mstari wenye mshale, pale pointa yangu "leo" inapoelekezwa kwenye "mvua", aina hazilingani: moja desimali, nyingine namba kamili. Nikatazama juu. Zote mbili nimezitangaza desimali, na mvua ina neno lake TARGET. Nikasema, kompaila hii mwongo!

"Mwambie mwenyewe kazi yake mbovu," tajiri wangu akasema. Nusura nimwambie, we acha tu. Badala yake nikaanza kufuta mistari, nikijaribu kila mara, mpaka ikabaki mitano. Lalamiko lile lile. Katika mistari mitano kosa halina pa kujificha: nilikuwa nimeandika "mvau".

Sasa mbona haikusema jina halijulikani? Kumbe tangu 1957 Fortran ina desturi yake. Jina lisilotangazwa hupewa aina kwa herufi ya kwanza: I mpaka N ni namba kamili, zilizobaki desimali. Mvau ikaanza na M, basi kompaila ikaumba kitu kisichokuwepo, kisha ikakilalamikia. Nilipoongeza IMPLICIT NONE juu kabisa, desturi ile ikazimwa, na kompaila ikamtaja mkosaji kwa jina.

Kodi nililipa. Lakini usiku ule sikulala. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia mswada, kaandika: sura ya saba haiaminiki. Niliiandika upya mara nne huku nikimtukana kimoyomoyo. Nikautoa chini ya godoro, nikasoma tangu mwanzo. Sura ya saba Zuhura anasoma barua. Sura ya pili nimesema hakupata kukanyaga shule, na hakuna popote nilipomfundisha kusoma.

Wenzangu tunaoandika, mhariri alionyesha mahali panapouma. Ugonjwa ulikuwa kurasa sitini nyuma, na wa kuutafuta nilikuwa mimi.