Nilimpeleka mzee wangu kusikiliza albamu ya spika sita

Wacha nianze kwa kuomba msamaha.

Desemba 2023, siku mbili tu baada ya albamu ya Peter Gabriel kutoka, niliweka hapa video ya dakika nne. Nilisema hii ni albamu ya watu wenye sebule kubwa. Nikasema ngoma zenyewe zimetoka polepole mwaka mzima kwa hivyo hakuna jipya, na hilo toleo la kifahari lenye sauti ya kuzunguka ni njia tu ya kumuuzia mtu kitu kimoja mara mbili. Mlicheka sana. Wengine mkaniambia niachane na wazee nirudi kwa gengetone. Video bado iko, siitoi. Lakini kuna kitu kilitokea baadaye, na nisipokiandika nitakuwa mnafiki.

Kwa wale hawamjui, Peter Gabriel ni mwanamuziki Mwingereza aliyezaliwa 1950. Alitoka bendi ya Genesis mwaka wa 1975 na tangu hapo anaimba kivyake. Waulize wazazi wenu kuhusu "Biko", wimbo wake wa 1980 wa kumlilia Steve Biko aliyefia mikononi mwa polisi wa makaburu. Na sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kumjua. Lebo yake, Real World, ndiyo iliyotoa En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada mwaka wa 1993, ile albamu iliyo na "Kothbiro". Kama umewahi kuona filamu ya The Constant Gardener, basi umeisikia.

Albamu yenyewe inaitwa i/o. Ilitoka tarehe 1 Desemba 2023 na ina ngoma 12. Kabla ya hapo, albamu yake ya mwisho ya nyimbo mpya alizotunga mwenyewe ilikuwa Up ya 2002. Miaka ishirini na moja! Kuna watu mnanifuata hapa na hamkuwa mmezaliwa.

Sasa, kila ngoma iko mara tatu. Kuna miksi ya Bright-Side iliyofanywa na Mark "Spike" Stent, kuna Dark-Side ya Tchad Blake, halafu kuna In-Side ya Hans-Martin Buff, jamaa aliyewahi kuwa fundi mitambo wa Prince. Hiyo ya tatu ndiyo ya Dolby Atmos, yaani sauti imepangwa ikuzunguke: mbele, pembeni, nyuma, na hata juu ya kichwa ukiwa na spika za dari. Ukitaka kuipata kwenye diski unanunua toleo lenye sidii mbili na Blu-ray moja. Na mwaka huo wote wa 2023, kila mwezi mpevu ukitokea, Gabriel alikuwa anaachilia wimbo mmoja. "Panopticom" ulikuwa wa kwanza, tarehe 6 Januari.

Kwa hivyo Desemba ilipofika, mashabiki walikuwa na hali ya ajabu. Walikuwa wanatoa maoni ya kwanza kuhusu nyimbo walizokuwa wanazijua tayari. Walichokuwa hawajui ni vile zitakavyosikika zikikaa pamoja, na zikikuzunguka. Niliyafuatilia sana hayo mabishano. Kulikuwa na watu wa Bright, wanaotaka kila kitu kionekane kama mchana. Kulikuwa na watu wa Dark, wanaosema Tchad Blake ameacha uchafu mtamu kwenye ngoma. Kulikuwa na wale waliosikiliza zote mbili na kuuliza, jameni, tofauti iko wapi? Halafu kulikuwa na watu wa In-Side, na hao walikuwa wanaongea kama wametoka kesha.

Hao ndio nilikuwa nawacheka. Na niwaambie ukweli nilikuwa nasikiliza vipi. Nilikuwa na hedifoni za barabarani za shilingi mia tatu, ndani ya matatu ya Jogoo Road, na hiyo matatu ilikuwa na wufa chini ya kiti inapiga drill mpaka magoti yanatetemeka. Hapo ndipo nilipopata "maoni ya kwanza" na nikayaweka hewani kwa mamlaka kabisa.

Chini ya ile video, mtu mmoja hakucheka. Ni fundi wa redio, ana kibanda karibu na Luthuli Avenue, na nilikuwa namjua kidogo kwa sababu aliwahi kunitengenezea maikrofoni. Aliandika tu: "Hujaisikia. Kuja kwangu Umoja Jumapili."

Jamaa hana sebule kubwa. Ana chumba cha kawaida chenye pazia nzito. Lakini spika amezikusanya miaka sita, moja moja, mitumba ya kutoka nje, zingine zilikuja zimekufa akazifufua. Ana tano pamoja na wufa. Spika za dari hana. Blu-ray anachezea kwa PlayStation 4, ileile watoto wake wanachezea FIFA. Diski aliletewa na binamu yake anayeishi Uingereza. Aliniambia ukikosa spika za dari si hoja, mashine inakunja ile sauti ya juu na kuigawa kwa hizo ulizo nazo.

Nilienda na mzee wangu. Si kwa sababu nilikuwa na mpango wowote. Jumapili huwa tunakula pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa na kaseti ya So ya 1986, ile iliyoisha mpaka utepe ukawa unajikunja. Muziki wa Gabriel niliusikia kwake.

Kuna kitu lazima mjue kuhusu mzee. Sikio lake la kushoto halisikii. Lilikufa akiwa mtoto huko Siaya, aliugua matumbwitumbwi. La kulia nalo limechoka, kwa sababu alifanya kazi Kamukunji miaka ishirini na mbili akigonga mabati, anatengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko. Kama umewahi kupita Kamukunji unajua kelele ninayosema. Sisi nyumbani tumezoea. Ukitembea naye unajiweka upande wake wa kulia bila kufikiria. Mezani kiti chake kinajulikana.

Sasa hapa ndipo nilipopata aibu. Nilipopata pesa yangu ya kwanza ya maana kutokana na hizi video, nilimnunulia hedifoni nzuri, za kufunika masikio. Alinishukuru sana, akanibariki. Halafu akazirudisha kwa boksi na hakuzitumia tena. Nilikasirika kimoyomoyo. Nilidhani ni mambo ya wazee, kitu kizuri kinawekwa cha wageni. Mwaka mzima nilibeba hicho kinyongo kidogo na sikuwahi kumuuliza.

Tukafika Umoja. Fundi akamkalisha mzee katikati, pale panapostahili, mimi nikakaa kando. Kusema kweli nilikuwa namwonea huruma. Nilifikiri, huyu ataambulia nini? Ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ya kulia inafika sikio la kulia mapema kidogo, chini ya elfu moja ya sekunde, na inafika na nguvu zaidi. Ukiwa na sikio moja hakuna cha kulinganisha. Yaani raha yote ya sauti ya kuzunguka, huyu mzee imempita.

"Panopticom" ikaanza. Kwangu mimi, wasee, nilisahau ile video yangu papo hapo. Vitu ambavyo kwa hedifoni vilikuwa vimerundikwa kama nguo za mtumba vilipata nafasi, kila kimoja mahali pake. Ilipofika ngoma ya "i/o" yenyewe na Soweto Gospel Choir wakaingia, nilihisi kama nimesimama katikati ya kwaya na si mbele yake. Sina lugha nzuri ya kuieleza. Wale wa kesha walikuwa sawa.

Lakini nilikuwa namtazama mzee. Alikuwa ametulia, kichwa kimeinama kidogo, analeta sikio la kulia mbele. Mara anageuza shingo polepole, anarudi. Ikafika "And Still", wimbo ambao Gabriel alimtungia mama yake baada ya kufariki. Ni wimbo wa polepole, una sello ndani yake. Ulipoisha mzee akainua mkono. Fundi akasimamisha.

"Rudisha hiyo."

Ikarudishwa. Ilipoisha mara ya pili akaniangalia akasema, "Wuoda, huu wimbo uko na vitu vingi."

Nikamuuliza, "Baba, unasikia zinatoka wapi?"

"Hapana. Sijui inatoka wapi. Lakini leo ziko zote."

Sikumwelewa. Fundi ndiye aliyemwelewa, na akanieleza kama mtu anayemfunza mtoto. Kwenye hedifoni, upande wa kushoto unaingia sikio la kushoto peke yake. Kama gitaa limewekwa kushoto na sikio hilo halifanyi kazi, hilo gitaa halipo. Limeenda. Lakini ndani ya chumba, spika ya kushoto haiongei na sikio la kushoto tu. Sauti inajaza chumba, inagonga ukuta, inafika sikio zima popote lilipo. Mzee hawezi kukuonyesha kwa kidole sello iko wapi, lakini anaipata sello.

Nikageuka nikamuuliza zile hedifoni zangu. Akacheka kidogo, ile kicheko ya kukusitiri.

"Zilikuwa nzuri. Lakini zilikuwa zinanipa nusu ya wimbo. Nikaona nisikuambie, ulikuwa umefurahi sana."

Nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Nikitulia nyumbani usiku ndio nilikumbuka habari ya Brian Wilson wa Beach Boys. Huyo sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa, na bado ndiye aliyetengeneza Pet Sounds ya 1966, ambayo ilitoka kwa mono, yaani sauti yote kwenye njia moja. Watu wanaiheshimu mpaka leo. Hapo nikafikiria, kumbe kuna kitufe. Na kweli kipo. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa usaidizi wa kusikia, iwe Android au iPhone, kuna mahali pa kuwasha sauti ya mono. Ukiwasha, kushoto na kulia vinachanganywa na kila sikio linapata wimbo mzima. Ni bure. Ilinichukua sekunde kumi na tano. Nilikuwa nimekaa na kinyongo mwaka mzima juu ya kitu cha sekunde kumi na tano.

Asubuhi nilitoa zile hedifoni kwa boksi, nikawasha mono kwa simu yake, nikamwekea "Kothbiro" ya Ayub. Sikusema kitu. Alizivaa, akatulia, halafu akaniambia niondoke nimwache.

Kwa hivyo maoni yangu ya pili kuhusu i/o ni haya. Ni albamu nzuri ya mtu wa miaka 73 anayefikiria kifo bila kulialia. "Playing for Time" itakugusa kama una mzazi anayezeeka. "Road to Joy" sijaipenda sana, naona inajaribu kufanana na ujana wake. Malalamiko yangu ya bei nayarudia, hayajabadilika. Toleo la Blu-ray ni ghali, vyombo vya kulichezea ni ghali zaidi, na kijana wa Umoja hapaswi kukusanya mitumba miaka sita ili asikie kazi jinsi ilivyokusudiwa. Ile ya kwenye hedifoni inaigiza tu huo mzunguko. Inasaidia, lakini si kitu kimoja.

Ninachoondoa ni yale maneno kwamba mashabiki wanajidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa nimesikia nusu na nikatangaza kama nzima. Tena nikiwa na masikio mawili.

Mzee nilimuuliza yeye angeipa albamu alama ngapi. Akasema nane juu ya kumi. Nikamuuliza hizo mbili zimeenda wapi. Akasema, "Hakuna nyatiti."

Kama mzazi wako ana sikio moja linalosikia vizuri kuliko lingine, na wengi wao wako hivyo na hawasemi, chukua simu yake leo jioni uangalie hicho kitufe. Halafu mwekee wimbo anaoujua. Niambieni hapa chini mlimwekea upi.