Mbwa Mwitu Watatu

Kibanda cha video tulichozoea kwenda nikiwa darasa la sita kilikuwa cha mabati, kiingilio shilingi kumi, na sheria ya mle ndani ilikuwa moja tu: staringi hafi. Hakuna aliyetufundisha. Gari lingeweza kutumbukia bondeni na yeye yumo ndani, DJ aliyekuwa akitafsiri angepiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba leo amekwisha, lakini sisi wa kwenye mabenchi tulitulia tu na miwa yetu. Tulijua. Ukiona mtu amekufa, basi huyo hakuwa staringi. Ulikuwa unamwangalia mtu mwingine tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipokutana na Wagiriki. Ilikuwa Clash of the Titans, ile ya 2010, Sam Worthington akiwa Perseus na Liam Neeson akiwa Zeus ndani ya deraya inayong'aa kama sufuria mpya. DJ wetu hakujisumbua na majina. Zeus alikuwa "Mkubwa", yule mnyama wa baharini alikuwa "dude", na Hades alikuwa Shetani, kwisha maneno. Siku hizi simlaumu, kwa sababu filamu yenyewe ndivyo ilivyomfanya. Hades wa Wagiriki alikuwa mlinzi wa wafu tu, mkali lakini mwenye haki yake, ndugu aliyepewa sehemu ya giza walipogawana ulimwengu. Hata hilo dude, Kraken, si la Ugiriki. Ni la mabaharia wa Norwei huko, na liliingizwa kwenye hadithi hii na filamu ya kwanza ya 1981. Andromeda naye, binti anayefungwa ili aliwe, hadithi inasema ni mtoto wa mfalme wa Ethiopia, jina ambalo Wagiriki walizipa nchi zilizo kusini mwa Misri. Filamu ya 2010 ikamhamishia Argos. Hiyo ni insha nyingine, tuiache hapo.

Miaka ikapita. Nikaingia chuo, nikaacha mwaka wa tatu, na Wagiriki wakanirudia kama kazi. Kuna jamaa ana chaneli ya YouTube ya kusimulia filamu, mimi namwandikia skripti, shilingi mia nane kwa moja, analipa akijisikia. Mwaka jana akataka mfululizo wa miungu ya Kigiriki: filamu inasema hivi, hadithi ya kale inasema vile. Nikanunua bando ya usiku, nikaanza kusoma.

Wacha nikwambie, nilishtuka. Kwa Wagiriki, staringi anakufa. Na hafi kifo cha kupigiwa makofi. Jason, yule wa ngozi ya dhahabu, amekaa uzeeni chini ya mabaki ya meli yake, boriti iliyooza inachomoka na kumpiga kichwani. Bellerophon, ambaye ndiye hasa mpanda farasi mwenye mabawa (filamu zikamnyang'anya farasi zikampa Perseus), anaanguka kutoka angani na kuishia kuzurura peke yake akikwepa watu. Theseus anasukumwa kutoka kwenye jabali na mwenyeji wake.

Lakini vifo havikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni makosa. Huyohuyo Theseus alikuwa amemwahidi babake kwamba akirudi salama kutoka Krete atatweka tanga jeupe. Akamuua Minotaur, akasafiri, akasahau. Ndiyo, akasahau tu. Mzee amesimama kwenye mwamba, anaona tanga jeusi linakuja, anajirusha. Bahari ile mpaka leo inaitwa kwa jina la mzee, Aegean. Sasa itafute hiyo ndani ya Immortals ya 2011, Henry Cavill akiwa Theseus. Huipati. Theseus wa mle hana baba wa kumngoja. Ana mama, mama anauawa na adui, na kazi iliyobaki ni kulipiza kisasi. Hata mwishoni anapokufa kwa majeraha anapandishwa Olympus kuwa mmoja wa miungu. Staringi hafi.

Nilipofika kwa Heracles nikaacha kuandika kwa siku mbili.

Unamjua kwa jina la Hercules, kama wengi wetu. Katuni ya Disney ya 1997 ilimfanya mtoto mpendwa wa Zeus na Hera, familia nzuri ya kupigiwa picha sebuleni. Kumbe Hera ndiye aliyemchukia tangu kuzaliwa, kwa sababu Zeus alimzaa nje ya ndoa, na ndiye aliyempelekea wazimu. Katika wazimu huo Heracles aliwaua watoto wake mwenyewe. Zile kazi kumi na mbili, simba na nyoka wa vichwa vingi na zizi chafu, ambazo tumezoea kuziona kama misuli ya bure, katika masimulizi yanayojulikana zaidi ni adhabu. Ni mtu anafanya kazi ngumu kwa sababu hajui afanye nini kingine na mikono ile.

Sasa Hollywood ingefanya nini na hilo? Mwaka 2014 walitoa Hercules wakamweka Dwayne Johnson, bajeti takriban dola milioni 100. Na, kusema ukweli, hawakuiruka. Tangu mapema tunaonyeshwa kwamba familia yake ilikufa na watu wanaamini ni yeye aliyeua. Yeye mwenyewe hana uhakika. Anaota damu. Kwa saa nzima hivi nilifikiri, hawa jamaa wamethubutu. Halafu wakamfunga kwa minyororo kwenye shimo la gereza, mfalme Eurystheus akaja akamwambia ukweli: ni mimi niliyekutilia dawa, ni mimi niliyetuma mbwa mwitu watatu wakawaua. Na mbwa mwitu wenyewe wanaletwa pale pale. Hercules anakata minyororo, anawamaliza, anamuua mfalme. Ametakata. Hakuwa na hatia dakika hata moja.

Ninaielewa hesabu. Troy ya 2004 iligharimu kama dola milioni 175. Clash of the Titans kama milioni 125, ikaingiza zaidi ya milioni 490 duniani. Pesa za aina hiyo lazima zirudi kutoka Beijing, Lagos na kibanda chetu cha mabati kwa pamoja, na hakuna mtu wa benki atakayekubali kwamba uso ulio kwenye bango ni wa mtu aliyeua watoto wake. Kwa hiyo hatia lazima ihamishwe. Apewe mfalme, apewe Hades, apewe mbwa. Ndani ya Troy, Menelaus na Agamemnon wanauawa pale pale vitani, ingawa kwa Homer wote wawili wanatoka wazima. Mbaya kapata malipo yake kabla taa hazijawashwa, wewe nenda nyumbani.

Usinielewe vibaya, mimi si wale wa kulia kwamba filamu haifanani na kitabu. Hakuna kitabu kimoja. Wagiriki wenyewe walikuwa wakizipindua hadithi zao kila tamasha. Euripides, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliandika tamthilia ya Heracles akabadilisha mpangilio kabisa: mauaji akayaweka baada ya kazi zote. Shujaa amemaliza, amerudi nyumbani, amewaokoa mke na wanawe watatu kutoka kwa mfalme dhalimu, wako salama, na hapo ndipo wazimu unamshukia. Yaani Euripides alihamisha kisa ili kiume zaidi. Hollywood hukihamisha ili kisiume. Wote wanahamisha, ila hawaelekei upande mmoja.

Katika tamthilia hiyo kuna sehemu niliyoisoma mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Heracles anazinduka, amefungwa kwenye nguzo, haelewi maiti hizi ni za nani. Aliye mbele yake ni Amphitryon, mzee aliyemlea kama baba. Na mzee hamfokei. Anazungumza naye polepole, neno baada ya neno, mpaka mwana anajionea mwenyewe alichofanya. Hakuna mfalme wa kukiri. Kuna mzee na mwanawe tu. Mwana anajifunika kichwa kwa nguo asionekane.

Niliandika sehemu hiyo vizuri, nadhani. Mteja akanitumia ujumbe: kata hapo kwa mzee, watu wataboeka, baki na mbwa. Nikakata. Mia nane ni mia nane.

Mimi pia nina mbwa mwitu wangu. Ukiniuliza kwa nini niliacha chuo nitakuambia kulikuwa na mgomo wa wahadhiri, na kwamba maksi za somo moja zilipotea, nikazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka nikachoka. Yote mawili yalitokea kweli. Hapo ndipo uzuri wake, hata mtu akichunguza atayakuta. Lakini si hayo yaliyonitoa. Asubuhi moja nilikuwa na CAT saa mbili, nikaamka saa moja, nikaangalia dari la bedsita, sikuenda. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na wazimu wowote kutoka kwa Hera. Wiki iliyofuata sikuenda tena. Baba alikuwa akinitumia karo kwa simu yangu kwa sababu nilimwambia foleni ya benki ni ndefu, na akaendelea kutuma semista mbili nzima. Ng'ombe mmoja aliuzwa Januari, mwingine Septemba. Nililipa kodi ya nyumba, nikanunua simu, nikabeti, nikala. Sina neno zuri la kuipamba. Nilikula karo.

Binamu yangu tuliyeingia naye chuo mwaka mmoja alipofanya mahafali, alirudi nyumbani na kile kijitabu cha majina. Baba akavaa miwani, akakisoma chote, idara baada ya idara, hata zile ambazo hangeweza kunikuta. Jioni akapiga simu.

"Sijaona jina lako."

"Kuna maksi zilipotea, Baba."

Kimya. Halafu akasema, "Sawa. Hao watu ni wabaya." Na tangu siku hiyo ndivyo anavyowaambia wazee wenzake, kanisani, kwenye ushirika wa maziwa, mahali popote jina langu linapotajwa: kijana wangu alipotezewa maksi. Anaisema kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyezungushwa. (Baba hasomi magazeti ya intaneti. Nimelifikiria hilo kabla ya kuandika.)

Desemba nilienda nyumbani. Usiku mmoja, baada ya taarifa ya habari, kituo kimoja kikaanza kuonyesha Hercules, hiyohiyo ya 2014. Nilitaka kubadilisha lakini rimoti alikuwa nayo yeye.

"Huyu ni Samsoni wao?" akauliza.

"Karibu hivyo."

Kiingereza cha haraka kinamshinda, kwa hiyo nikawa DJ. Nikamtafsiria vita, nikamtafsiria mzaha wa wale wenzake, mpaka zikaja zile ndoto, watoto wamelala chini, damu mikononi. Baba akatoa mguno.

"Aliua watoto wake?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akanyamaza muda mrefu. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, vile anavyokaa wakati ng'ombe anazaa. Hatukuongea tena mpaka kwenye shimo la gereza, minyororo, mfalme akizungukazunguka na kuongea.

"Huyu anasema nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. Hangejua. Ningeweza hata kumpa ile ya Euripides, sauti ya mfalme ikiendelea huku mimi nikisema kingine, kama DJ yeyote wa kibandani aliyewahi kuchoka na skripti aliyopewa. Nilifungua mdomo.

"Anasema ni yeye aliyetuma mbwa mwitu."

Baba akaegemea kiti, akashusha pumzi.

"Kumbe si yeye," akasema. "Nilijua. Ukimwangalia tu uso unaona."

Filamu haikuwa imeisha lakini yeye alikuwa ametosheka. Akaniwekea rimoti mapajani, akachukua tochi iliyo juu ya redio, akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Amebaki mmoja.