Nasaba ya Hitilafu

Kila lugha ina namna yake ya kukataa. Python, lugha ya kompyuta ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa hadharani mwaka 1991, hukataa kwa kutaja majina. Iambiwapo igawe kumi kwa sifuri, hutaja ZeroDivisionError. Iambiwapo ijumlishe neno na namba, hutaja TypeError, kwani aina zao hazipatani. Itakiwapo kuligeuza neno “saba” liwe namba, hutaja ValueError: aina ya kitu inakubalika, walakini thamani yake haifai.

Majina haya yana nasaba. Mkuu wa ukoo ni BaseException. Chini yake yumo Exception, mzazi wa makosa karibu yote ya kila siku. Amkamataye mzazi amewakamata watoto na wajukuu pia. Kwa sababu hiyo, katika toleo la 2.5 la mwaka 2006, KeyboardInterrupt, ishara ya mtu atakaye kuisimamisha programu kwa mkono wake, ilitolewa chini ya Exception, ili programu isizibe masikio mbele ya bwana wake. Kanuni hii hukaririwa kwa dakika moja. Kuielewa ni jambo jingine.

Mwanafunzi mmoja wa lugha, mwenye bidii na haraka, alihesabu maneno ya salamu katika barua za zamani zilizonakiliwa katika mafaili mia nne. Alijua kuwa baadhi ya barua hazikuwa na mwaka. Mahali pake paliandikwa “haujulikani”. Akaiagiza programu iruke kimya kila faili litakaloleta ValueError. Programu ilikwenda mpaka mwisho bila kunung’unika, naye akaandika sura nzima kuthibitisha kuwa adabu ya salamu ilififia mwaka hata mwaka.

Rafiki yake alimwuliza swali la kitoto: barua ngapi zilihesabiwa? Zilikuwa mia mbili na sitini na tatu. Zisizo na mwaka hazikufika ishirini. Nyingine zote, nazo ni za miaka ya karibuni, zilinakiliwa na karani aliyetumia alama za kunukuu zilizopinda, zikahifadhiwa kwa mpango wa herufi wa Windows, hali programu ilizisoma kwa mpango wa UTF-8. Hitilafu yake huitwa UnicodeDecodeError, mjukuu wa ValueError. Mjukuu alipita katika mlango uliofunguliwa kwa ajili ya babu, na salamu za watu zaidi ya mia zikatoweka pamoja naye.

Wako watakaoilaumu lugha kwa nasaba hiyo. Lawama hiyo si ya haki: baiti ni baiti, ila thamani yake haikufaa.

Sura ile aliiondoa. Kisha akauhamisha mtego, akauzungushia mstari mmoja tu, ule wa kusoma mwaka, akaianzisha programu upya. Ilisimama katika faili la kumi na moja, ikataja jina la hitilafu na nafasi ya baiti iliyokataliwa. Safari hii alilisoma jina lote.