Ziwa moja, wenye elimu wengi

Wengi hudhani elimu ni moja tu. Mimi sikubali. Tazameni ziwa letu la Kivu. Kina chake ni meta 485, na huko chini maji yameshika gazi za namna mbili: metani, iwakayo moto, na gazi ya kaboni, izibayo pumzi. Mtu wa kemia huuliza: zipo kiasi gani? Injinia huuliza: tutazitoaje? Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt, kilichofunguliwa mwaka 2016, hupandisha maji hayo kwa mabomba, hutenga metani, hufanya umeme. Mchunguzi wa volkano anayo hofu yake: moto wa Nyiragongo ukipasukia chini ya ziwa, itakuwaje? Kule Kameruni, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitoa gazi usiku, wakafa watu kama 1,700.

Lakini mimi nampenda hasa yule anayekuja kutuuliza sisi wakaaji. Kando ya Goma tunayo mabonde madogo tuyaitayo mazuku. Gazi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, basi hulala humo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima akisimama, pengine kichwa chake hubaki juu. Mbuzi na mtoto huanguka. Wenye elimu wa Ulaya wamelitwaa neno hilo, wanaliandika vivyo hivyo katika vitabu vyao: mazuku. Vema. Basi vipimo vyao navyo vifike kwetu kwa lugha hiyo hiyo, mama anayetafuta kiwanja apate kujua kabla ya kumlaza mtoto hapo.