Ukuta wa bibi nimeuchora tofali la kuchoma

Najua nimepotea, majaribio yalinibana, msinipige mawe. Leo nina stori ya nyumbani Bukene, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mnajua nasoma ualimu, Hesabu na Jiografia. Ramani za nyumba hazinihusu kabisa. Ila nina rafiki anasoma usanifu majengo, akaniwekea AutoCAD kwenye laptopu na kunielekeza jioni mbili tatu. Basi nikajiona bingwa. Baba aliposema anaongeza vyumba viwili, nikamwambia asimlipe mtu, nachora mimi.

Kuchora kuta si kazi. Utamu uko kwenye hachi, yaani ile mistari unayojazia ndani ya ukuta ili anayesoma ajue umejengwa kwa kitu gani. Unachagua patani, unabofya katikati, ukuta unajaa wenyewe. Kona zisipokutana, hata kwa unywele, programu inagoma. Skeli ikiwa ndogo mno ukuta unakuwa mweusi tii. Ikiwa kubwa mno huoni mstari hata mmoja. Nilihangaika mpaka saa nane usiku jamani! Ilipokubali nikajaza kuta ZOTE patani ya ANSI31, ile mistari ya mshazari ya nyuzi 45 inayotumika kwa tofali na mawe. Na chumba cha bibi humo humo.

Sasa chumba cha bibi ni cha tofali mbichi, walizifyatua yeye na marehemu babu. Juu pamepigwa lipu ya saruji, kwa macho huwezi kujua. Na fundi katoka Nzega mjini, yeye anafuata karatasi. Jumamosi akanipigia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Hebu nisaidie. Ramani yako inasema huu ukuta wa zamani ni tofali la kuchoma, nataka niukalishie linta na kenchi za upande mpya. Ila bibi kakaa mlangoni, hataki nipande. Anasema huu ni udongo."

Mwili ulikufa ganzi. Tofali mbichi likilowa linalegea, na mvua za kwetu si za mbali. Bibi analala mle ndani.

"Bibi yuko sahihi, fundi. Nimekosea mimi."

"Basi leo nasimamisha. Nichoree upya."

Usiku nikatafuta patani ya tofali mbichi. Hakuna! Ipo EARTH, lakini hiyo ni ya ardhi chini ya msingi. Ipo AR-CONC, ni zege. Waliotunga ile orodha sijui kama waliwahi kusikia tembe, wakati Unyamwezi watu waliishi ndani ya udongo, hata Livingstone mwaka 1872 alikaa kwenye tembe pale Kwihara.

Kumbe patani unaweza kuiandika mwenyewe, ni faili la maandishi tu. Mstari wa kwanza jina. Wa pili pembe, mahali pa kuanzia, nafasi kati ya mistari, kisha urefu wa kipande na wa pengo. Jina la faili lifanane na la patani, na mwisho ubonyeze Enter, usiposahau hapo inasoma. Mimi nilisahau, saa nzima ikaenda. Yangu nimeiita UDONGO, mshazari uleule ila umekatika katika.

Aibu kubwa sijaisema bado. Ramani ya kwanza haikuwa na ufunguo. Mtu wa Jiografia! Kwenye mazoezi ya kufundisha nilimkata mtoto alama mbili kwa kosa hilohilo. Safari hii nimeweka vijisanduku pembeni: tofali la kuchoma, udongo, zege.

Fundi sasa anainua nguzo za zege kando ya ukuta wa bibi, paa jipya likae juu ya nguzo. Saruji imeongezeka na baba kanyamaza, kwa hiyo bumu likiingia mjue limeshapata mwenyewe. Bibi naye anataka likizo niende na ile karatasi, aone chumba chake nimekiandikaje.